Ukanda Usiofuliwa

Siku sita sasa sijalala vizuri. Mtoto wa Isolda yuko hapa kwangu, anachambua sufu mbele ya moto, na kila akikohoa roho yangu inadunda mpaka niinuke nikampapase kwapani. Hana kitu. Ni moshi tu unamkera. Ana miaka kumi na miwili na amechoka kupapaswa. Jana aliniuliza, "Bibi, unatafuta nini huko kila saa?" Nikamwambia natafuta chawa.

Nitayasimulia haya tangu mwanzo, kwa sababu mwanzo wake ni mimi.

Naitwa Dionisia, mjane wa Wymond mtengeneza mapipa. Hapa Aldercombe kila mtu ananijua, maana kwa miaka thelathini nimekuwa nikifua vitambaa vya kanisa. Kazi yangu nyingine ilikuwa kutunza ukanda wa Mtakatifu Margareta. Ulikuwa ukanda wa sufu, mrefu kama mikono mitatu, zamani ulikuwa mwekundu. Mwanamke akishikwa na uchungu alifungwa ukanda huo kiunoni na hakufunguliwa mpaka mtoto atoke. Mama yangu alinizaa nao, na bibi yangu alimzaa mama nao. Ulikuwa na masharti mawili. La kwanza, mwanamume asifungwe nao hata awe nani. La pili, usifuliwe kwa maji, maana maji yangeondoa baraka. Basi ulinuka jasho la vizazi vitatu vya wanawake na hakuna aliyelalamika. Kila uzazi ukiisha, Hawisa mkunga alinirudishia, nami nikauweka katika sanduku langu pamoja na vitambaa vya altare.

Tauni ilitufikia baada ya Krismasi, miaka kumi na miwili iliyopita. Tulisikia kwanza iko Bristol bandarini, tukajipa moyo kwamba Bristol ni mbali na watu wake ni wachafu. Kisha ikawa iko mji wa soko. Kisha ikawa kwa mchungaji aliyekaa nyuma ya kanisa, na baada ya hapo hatukuuliza tena iko wapi.

Jumapili moja Padri Hamo alitusomea barua ya askofu. Mapadri wanakwisha, ilisema barua. Mgonjwa akikosa padri, basi aungame dhambi zake kwa mtu yeyote, na mwanamume akikosekana, aungame hata kwa mwanamke. Kanisa zima likanong'ona. Jirani yangu Sabina, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akasema kwa sauti, "Kwa hiyo huyu wangu ataungama kwangu? Basi nileteeni kiti na chakula, hatutamaliza kabla ya Pasaka." Tulicheka, Mungu atusamehe. Padri Hamo hakucheka. Alisema kwamba atakayesikiliza atafungwa na siri kama padri mwenyewe. "Asiitoe kwa neno," alisema, "wala kwa ishara, wala kwa kukunja uso." Wiki mbili baadaye akafa.

Wymond wangu akaugua Jumatatu. Asubuhi alilalamika kichwa, jioni akawa na mtoki kwenye nyonga, mkubwa kama yai la bata, na hakuniruhusu niuguse. Nilimpenda yule mwanamume. Hatukujaliwa mtoto, alikuwa yeye tu na mimi, na mapipa yake uani. Nilimpaka siki, nikachoma majani, nikapiga magoti mpaka magoti yakachubuka. Siku ya pili nikafungua sanduku.

Nilijiambia, kama ukanda umewavusha wanawake wote wale, kwa nini usimvushe mtu mmoja mwema? Nikamfunga kiunoni. Alikaa nao siku tatu, akafa nao. Nilipoufungua viroboto walirukaruka hata mikononi mwangu, lakini nyumba gani haikuwa na viroboto? Sikuwajali. Nilichojali ni kwamba nimevunja sharti, na kwamba hakuna aliyeniona. Nikaukunja, nikaurudisha sandukuni.

Siku mbili baadaye Drogo, mume wa Isolda, akaja dirishani. Isolda ni binti wa Hawisa mkunga, mtoto wake wa pekee. Drogo alikuwa kijana mwenye mwanya, mcheshi, ila siku hiyo aliuficha mwanya kwa heshima ya msiba wangu.

"Pole sana, mama Dionisia. Nasikitika kukusumbua. Isolda kiuno kimeanza kumuuma. Mama mkwe amesema nichukue ukanda, uwe karibu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: usiuchukue, nimeuharibu. Lakini wakati ule kila kijiji kilikuwa kikitafuta dhambi ya nani imeleta tauni. Katika kijiji cha jirani walikuwa wamempiga mawe mwanamke kwa sababu alionekana akifua nguo siku ya Bwana. Na mimi nimeunajisi ukanda wa Mtakatifu. Nikaogopa. Tena nikajiambia kwamba Isolda hajawahi kuzaa, bila ukanda atakufa kwa hofu tu, kwa hiyo kumpa ni wema. Mtu akiogopa hakosi la kujiambia.

Nikampa. Mvua ilikuwa ikinyesha, akauingiza ndani ya koti lake, kifuani, usilowe. "Mungu akubariki, mama," akasema.

Jioni ile ile homa ikanishika. Kesho yake mtoki ukanitoka kwapani, na nikajua kwamba zamu yangu imefika.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilijikokota mpaka dirishani kutafuta mtu wa kunisikiliza. Wanaume watatu walipita. Niliwaita kwa majina yao, na wote watatu wakahamia upande wa pili wa barabara kana kwamba hawajaitwa. Kisha nikamwona Hawisa. Alikuwa anatoka nyumbani kwake anaharakisha kwenda darajani, amekumbatia kigoda chake cha kuzalishia, kitambaa cha siki kimefungwa puani.

"Hawisa! Hawisa wee!"

Akasimama mbali, kama hatua kumi. Aliponitazama macho yake yalijaa huruma na woga pamoja. "Dionisia, mwenzangu. Usitoke humo, nakuomba. Naenda kwa Isolda."

"Nakufa, Hawisa. Nisikilize niungame."

"Tafuta mwanamume. Barua ilisema mwanamume kwanza."

"Nimeita watatu, wamenikimbia."

"Nitarudi. Uchungu umemshika Isolda tangu alfajiri. Nilikuja kuchukua kigoda tu. Sabina yuko naye, anamfunga ukanda sasa hivi."

Sasa hivi. "Ukirudi utanikuta maiti," nikasema.

Akatazama darajani, akanitazama mimi. Akaweka kigoda chini katikati ya barabara, kwenye matope, akakikalia. "Sema," akasema. "Ila fanya haraka, shoga."

Na mimi, badala ya kulitaja lile moja, nikaanza na maziwa. Nilimwambia nilikuwa nikitia maji kwenye maziwa ninayouza. Nikamwambia nilichukua vipande vya mishumaa ya kanisa. Nikamwambia nilimloga kuku wa Sabina asitage.

"Ya mishumaa Mungu anayajua, kijiji kizima kinayajua," Hawisa akasema. Mguu wake ulikuwa ukipigapiga ardhi. "Kuna jingine?"

"Nilimchukia mama yangu."

"Jingine?"

"Lipo."

"Basi liseme, Dionisia! Binti yangu yuko peke yake na Sabina, atakufa kwa kelele kabla ya uchungu!"

Nilikuwa nimeshika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili. "Ukanda," nikasema.

Mguu wake ukaacha kupigapiga. "Umefanya nini?"

"Nilimfunga nao Wymond alipougua. Siku tatu. Alikufa nao kiunoni. Halafu nikampa Drogo."

Nilingoja anitukane, au walau apige yowe. Uso wake haukukunjika hata kidogo. Aliinua mkono, akafanya ishara ya msalaba kuelekea dirisha langu. "Mungu akurehemu, Dionisia," akasema. Akainuka, akachukua kigoda chake, akaenda.

Hakukimbia. Kisimani kulikuwa na watu wawili wakichota maji na walikuwa wakimtazama, kwa sababu kila mtu alimtazama kila mtu siku zile. Kama angekimbia wangejua kwamba ameambiwa jambo dirishani kwangu. Alitembea. Alikwenda hatua za kawaida za mwanamke aliyebeba kigoda, akawasalimu wale watu, wakamwitikia, na mimi nilikuwa dirishani nimeuma kucha mpaka damu, nikisema kimoyomoyo, kimbia, kimbia, kimbia. Mpaka darajani alitembea. Kuanzia pale sikumwona tena.

Yaliyotokea ndani nimeyapata kwa Sabina, naye ameyasimulia mara nyingi kiasi kwamba nayajua kwa moyo. Anasema Hawisa aliingia, akaweka kigoda, akasema, "Mfungue ukanda."

"Nimefunga sasa hivi, mama Isolda! Mafundo saba, kama desturi."

"Mfungue, Sabina."

Isolda alikuwa ameshikilia nguzo ya kitanda, jasho linamtiririka. Aliposikia akaushika ukanda kwa mikono yote miwili. "Mama, usiniondolee! Mama, nitakufa!"

Hawisa hakubishana naye. Alitoa kile kisu chake cha kukatia kitovu, akaukata ukanda palepale kiunoni, akauchukua kwa koleo na kuutupa motoni. Sabina anasema ulinuka kama kondoo anayeungua. Alipiga kelele mpaka majirani wakasikia. "Wewe mwanamke umerukwa na akili? Mali ya Mtakatifu!"

"Nimeunajisi mimi," Hawisa akasema. "Baada ya uzazi wa mwisho nilikaa nao kabla sijamrudishia Dionisia. Nilimfunga nao mgonjwa wa tauni, mwanamume. Akafa."

"Mgonjwa gani?"

"Humjui."

"Na ukamwacha binti yako wa kumzaa afungwe nao?"

"Nilidhani si kitu. Sasa nimeona ni kitu. Lete siki, Sabina, na nyasi mpya za kitandani. Vua hilo gauni lake lote."

Alimwosha Isolda kwa siki kuanzia shingoni mpaka magotini huku uchungu ukimjia na kuondoka, na Isolda akimlaani kwa kila uchungu. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, msichana, na alilia vizuri. Hawisa akakata kitovu, akamfunga mtoto, kisha akauliza Drogo yuko wapi. Drogo alikuwa ameenda kukata kuni, na lile koti alikuwa amelivaa.

Alianza kutetemeka siku ya tatu. Siku ya tano wakamzika.

Isolda hakuugua, wala mtoto hakuugua. Kama ukanda ungebaki kiunoni mwake mpaka adhuhuri, sijui. Ninachojua ni kwamba Isolda alipotoka makaburini alimkuta mama yake amesimama mlangoni na uji, akamwambia mbele ya watu, "Umemuua mume wangu. Ondoka hapa, na uji wako."

Na mimi je? Mimi nilipona. Mtoki ulipasuka wenyewe, ukatoa usaha siku mbili mfululizo, homa ikashuka. Siku ya kwanza niliyoweza kukaa kitako, Sabina alikuja dirishani na bakuli la mchuzi, akanihadithia yote, kuanzia kigoda mpaka uji. Alihadithia kwa raha, simlaumu, watu walikuwa hawana raha nyingine.

Siri ya maungamo inamfunga anayesikiliza. Anayeungama hafungwi na kitu. Ningeweza kusema palepale, Sabina yuko mbele yangu na bakuli mkononi: si Hawisa, ni mimi. Maneno manne tu. Nilipokea bakuli nikasema, "Hawisa? Nani angedhani."

Nikanywa mchuzi wote.

Padri mpya alipokuja, Hawisa alihukumiwa. Jumapili tatu alisimama mbele ya kanisa peku, amevaa shuka jeupe, mshumaa mkononi, na wanawake aliowazalisha wakapita mbele yake bila kumsalimu. Alikatazwa ukunga. Aliishi kwa kusokota sufu za watu. Barua ilisema aliyepona lazima aungame tena kwa padri, nami nikaenda, nikaungama maziwa na mishumaa. Ya kuku wa Sabina pia. Nikaishia hapo.

Isolda alibaki na kichanga bila mume na bila mama. Nani alimsaidia? Ni mimi. Nilimbeba mtoto wake, Margareta huyu, kabla hajafungua macho vizuri. Nilimfundisha kutembea kwa kumshikisha pindo la sketi yangu. Isolda aliniita shangazi, na wakati mwingine, akiwa amechoka, alikuwa akiegemeza kichwa begani kwangu na kusema, "Bila wewe ningekuwa nani?" Nilimpigapiga mgongoni. Nilikuwa namwibia Hawisa mjukuu mchana kweupe, na Hawisa alikuwa akituona kutoka mlangoni kwake.

Nilikutana naye kisimani karibu kila siku. "Umeamkaje, Dionisia?" Nikajibu, "Salama, na wewe?" Basi. Kwa miaka kumi na miwili nilisubiri jicho moja tu la kunisuta, walau kukohoa. Hakunipa. Kuna wakati nilimchukia kwa hilo. Kama angenilaani ningelia, ningesema yote, ningepumzika. Alinijulia hali kama ninavyojuliwa hali na mtu yeyote.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, tauni imerudi. Safari hii inapenda watoto. Imechukua wajukuu wote wa Sabina, na Sabina ameacha kuongea. Padri ameenda mjini, anasema kaitwa. Tangu nyumba ya kwanza ilipopigwa, nilikuwa nikiamka kila asubuhi na kwenda kumwangalia Margareta shingoni kabla ya kumjulia hali mama yake.

Kisha, siku sita zilizopita, nikasikia kwamba Hawisa hajafungua mlango. Nikaenda, nikasimama nje ya dirisha lake, hatua kumi.

"Hawisa?"

"Nani?" Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Dionisia. Nimekuja kukusikiliza. Padri hayupo."

"Ahsante," akasema. "Lakini sitaungama kwako."

"Kwa nini?"

"Kuna uongo niliosema zamani. Nikiungama itabidi nitaje kwa nini niliusema. Nitamalizana na Mungu mwenyewe."

"Hawisa, ni mimi! Jambo lenyewe ni langu, nalijua! Nililisema kwa mdomo wangu, wewe umekaa kwenye kigoda!"

"Sijui unazungumzia nini, Dionisia," akasema. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Kisha akaongeza, "Usimwambie Isolda kama naumwa. Asije huku. Ana mtoto."

Nililia pale barabarani kama mwendawazimu. Sikulia kwa huruma tu, nililia kwa hasira pia, maana miaka yote ile nilikuwa na visingizio vya kunyamaza, na sasa kwa mara ya kwanza nilipewa sababu ya kweli. Nikisema, Isolda ataingia kwenye nyumba yenye tauni. Nikinyamaza, mama yake atakufa akiwa amechukiwa bure. Nilisimama darajani muda mrefu, nikaenda mbele, nikarudi, nikaenda tena. Mpaka leo sijui kama nilisema kwa ajili ya Hawisa au kwa ajili ya kuutua mzigo wangu.

Isolda alikuwa anakanda unga. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, bila kuketi. Mikono yake iliendelea kukanda kidogo, kisha ikasimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Mama alijua?"

"Alijua kwa sababu nilimwungamia. Alikatazwa kusema."

"Na wewe ulikatazwa na nani?"

Alinisubiri kwa kweli, nadhani alitaka niwe na jibu. Kisha akapangusa mikono, akamwita Margareta kutoka uani. "Nenda na huyu," akamwambia. Hakusema nenda na bibi, wala na shangazi. "Kaa kwake mpaka nije. Usinifuate, hata nikikuita."

Akatoka. Alikimbia, unga mikononi, kilemba kimemwanguka njiani asikiokote, akapita kisimani mbele ya watu wote huku akiita, "Mama! Mama!" Hakusimama dirishani. Aliusukuma mlango kwa bega, akaingia.

Hawisa alikufa siku ya pili. Asubuhi yake Isolda alifungua dirisha, na sisi tulikuwa tumesimama darajani, Margareta nimemshika mkono. "Alinitambua!" Isolda akatupigia kelele. "Alinitambua, tukaongea!" Nilikuwa sijawahi kumwona na uso ule tangu Drogo afe.

Ikabaki kungoja. Kila asubuhi nimekuwa nikiweka mkate na mchuzi kwenye jiwe lililo mbele ya nyumba, kisha tunarudi darajani, na Isolda anafungua dirisha na kumpungia mtoto. Siku ya tatu alipunga mkono. Ya nne alipunga na kucheka. Ya tano alipunga. Nilikuwa naanza kuhesabu kwa matumaini, maana Drogo alianza kutetemeka siku ya tatu.

Leo asubuhi alipunga mkono wa kushoto. Wa kulia aliushikilia mbali kidogo na ubavu, kama mtu aliyebana kitu kinachouma kwapani.

"Dionisia," akaita. "Njoo peke yako. Padri hajarudi?"

"Hajarudi."

"Basi njoo wewe unisikilize."

Margareta akanivuta sketi. "Mama anataka nini?"

"Anataka chumvi. Kaa hapa, usisogee."

Nilikwenda, nikakaa chini kwenye matope, hatua kumi kutoka dirishani, na Isolda akaniungamia. Aliyoyasema hamtayasikia kwangu, wala mtoto wake hatayasikia, hata akiniuliza nikiwa kwenye kitanda changu cha mwisho. Alipomaliza nilifanya ishara ya msalaba, nikamwambia, "Mungu akurehemu, mwanangu." Akafunga dirisha.

Niligeuka. Margareta alikuwa amesimama darajani palepale nilipomwacha, mkono juu ya macho, ananitazama nikija. Kila kitu ndani yangu kilitaka kupiga yowe na kumkimbilia. Nikatembea. Nilitembea hatua zangu za kawaida, za mwanamke mzee aliyepeleka chumvi, na uso wangu sikuukunja.